KINANDA KILICHOHAMA MARA TATU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Muhula uliopita, katika mkutano wetu wa Ijumaa, Chama cha Kiswahili kilikuwa na mjadala uliosema hivi: "Kitu kikuukuu hakina faida katika dunia ya kisasa." Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilijitahidi kadiri ya uwezo wangu, lakini wapinzani wangu walinibana kweli kweli. Mmoja wao alisimama akauliza mbele ya umati, "Ati wewe utafanya nini na kinanda kibovu?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikakosa la kujibu, nikaketi.

Kinanda alichokitaja kinajulikana na wengi wenu mnaopita njia ile tunayopita kuja shuleni. Ni kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu kilichokuwa katika kanisa moja mtaani. Kanisa liliponunua kinanda cha umeme, kile cha zamani kilitolewa nje kikaegemezwa ukutani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mtu alidhani mwingine atakichukua. Mvua ikakinyeshea, jua likakichoma, na sasa ubao wake wa nyuma umekwisha kuwa kuni.

Jibu la swali lile nililipata baada ya mjadala, wakati halikuwa na faida tena kwa alama zetu. Nililipata katika historia ya kinanda kimoja cha chuo huko Uingereza. Wahenga walinena kwamba kawia ufike. Basi leo nimefika, na ninaomba mnisikilize hadi mwisho.

KINANDA CHA MABOMBA NI NINI?

Kwanza tuelewane. Kinanda ninachokizungumzia si kile cha kubebwa begani wala kile cha kuchomeka kwenye umeme. Ni kinanda cha mabomba. Kinaweza kuwa kirefu kama nyumba ya ghorofa mbili, na ndani yake mna mabomba mamia kwa mamia, mengine mpaka maelfu. Kila bomba ni kama filimbi moja. Bomba moja hutoa sauti moja tu, basi. Ndiyo sababu yanahitajika mengi.

Filimbi hupulizwa kwa mdomo, lakini ni nani mwenye mapafu ya kupuliza filimbi mia tano? Hapo ndipo inapoingia mivukuto. Mmeiona mivukuto ya mhunzi, ile anayoibana na kuiachilia ili moto uwake. Kinanda cha mabomba nacho kina mivukuto, ila ni mikubwa zaidi. Upepo wake hupelekwa kwenye sanduku refu la mbao, na juu ya sanduku hilo mabomba yamesimama wima katika matundu. Mpigaji anapobonyeza kipande kimoja kwa kidole, kifuniko cha tundu fulani hufunguka, upepo ukapanda, bomba likalia. Akiinua kidole, kifuniko hujifunga na sauti hukoma. Pembeni kuna vishikio vya kuvuta. Kila kishikio hufungulia upepo safu nzima ya mabomba yenye sauti ya aina moja: safu hii hulia kwa upole kama filimbi, ile hulia kwa ukali kama tarumbeta. Zamani kabla ya umeme, mpigaji hakuweza kucheza peke yake. Ilibidi awepo mtu nyuma wa kusukuma mivukuto, na huyo hakuna aliyempigia makofi!

Wanaosoma Fizikia watalipenda jambo hili. Bomba lililo wazi ncha zote lenye urefu wa futi 8, yaani karibu mita 2.4, hutoa sauti nzito ambayo hewa yake hutikisika karibu mara 65 kwa sekunde. Ukilikata katikati likabaki futi 4, mtikisiko unakuwa mara 130, na sauti hupanda juu oktava moja. Ukilifanya futi 16, sauti hushuka hadi unaisikia kifuani kuliko masikioni. Kwa hivyo urefu ndio siri ya sauti. Mabomba mengi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi (si risasi ya bunduki, ni ile madini laini na nzito), na mengine hutengenezwa kwa mbao.

Tena msidhani chombo hiki chanzo chake ni Ulaya. Kinanda cha kwanza kinachojulikana kilibuniwa katika bara letu la Afrika, mjini Alexandria nchini Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Aliyekibuni alikuwa fundi wa Kiyunani aliyeitwa Ctesibius. Yeye alitumia uzito wa maji kusawazisha nguvu ya upepo, ndipo chombo chake kikaitwa kinanda cha maji. Kumbe kitu tulichodhani kililetwa kwetu, kilianza kwa kutoka kwetu!

FUNDI NA MWANAWE

Sasa tuingie Uingereza. Palikuwa na fundi aliyeitwa Thomas Dallam. Mwaka 1599 Malkia Elizabeth wa Kwanza alimtuma Dallam kwa meli hadi Constantinople, mji ambao leo unaitwa Istanbul, kupeleka kinanda kama zawadi kwa Sultani Mehmed wa Tatu. Safari ilichukua miezi mingi baharini. Sanduku zilipofunguliwa, la haula! Joto na unyevu vilikuwa vimeyeyusha gundi, viungo vimeachana, na baadhi ya mabomba yamebonyea. Dallam na wenzake hawakulia. Walikaa chini wakakitengeneza upya palepale, hata Sultani akaja kukisikiliza, akampigisha Dallam mwenyewe huku yeye ameketi nyuma yake karibu kabisa. Habari hizi twazijua kwa sababu Dallam aliandika kitabu cha safari yake.

Nimeeleza kisa hiki kwa sababu kinatufunza jambo moja: kinanda cha mabomba huweza kufunguliwa, kusafirishwa na kujengwa tena. Kikiharibika njiani, fundi anayekijua anaweza kukiponya.

Thomas alikuwa na mwana aliyeitwa Robert Dallam, na huyo Robert akarithi kazi ya babaye. Mwaka 1631 Robert alijenga kinanda katika kanisa la Chuo cha Magdalen mjini Oxford. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1458, na kina kwaya inayoimba ibadani hadi leo. Kinanda kile kikawa fahari ya chuo. Lakini hakikukaa kwa amani hata miaka ishirini na mitano.

UHAMISHO WA KWANZA: KUTOKA CHUONI HADI IKULU

Mwaka 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uingereza. Upande mmoja ulikuwa wa Mfalme Charles wa Kwanza, na upande wa pili ulikuwa wa Bunge. Oxford ndio uliokuwa makao makuu ya mfalme. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, na safari hii nyasi zilikuwa pamoja na vinanda.

Kwa nini vinanda? Katika upande wa Bunge walikuwamo Wakristo wenye msimamo mkali walioitwa Wapyuritani. Wao walishikilia kwamba ibada iwe ni neno la Mungu na zaburi tu, bila mapambo wala ala za muziki. Mwaka 1644 Bunge likatoa amri kwamba vinanda viondolewe makanisani kote. Vingi vilivunjwavunjwa. Askari waliyang'oa mabomba, na zipo habari za wakati huo kwamba wengine waliyaweka rehani wakanywea pombe. Robert Dallam mwenyewe, ambaye alikuwa Mkatoliki, alikimbilia Ufaransa pamoja na jamii yake, akaenda kujenga vinanda huko Brittany.

Hebu fikiria, msomaji. Fundi amekimbia, mfalme akakatwa kichwa mwaka 1649, na amri inasema vinanda viondolewe. Kinanda cha Magdalen kilikuwa na tumaini gani? Hapa ndipo pana ajabu. Kiongozi wa upande ulioshinda, Oliver Cromwell, alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki! Yeye hakuona ubaya wa kinanda chenyewe. Ubaya aliuona pale kinapotumiwa ibadani. Nyumbani, mtu angeweza kustarehe nacho kama apendavyo. Basi katika miaka ya 1650, Cromwell alipokuwa mtawala na kukaa katika jumba la kifalme la Hampton Court karibu na London, kinanda cha Magdalen kiling'olewa kikapelekwa huko ili kimburudishe. Alikuwa hata na mwanamuziki wake, John Hingeston, wa kumpigia.

Kwa hivyo mtu ambaye upande wake ulivunja vinanda vya watu, ndiye aliyekiokoa hiki. Sisemi kwamba alifanya haki. Chuo kilinyang'anywa mali yake mchana kweupe. Lakini ukweli ni kwamba kingalibaki kimekaa bure bila kupigwa miaka yote hiyo, huenda leo tusingekuwa na cha kusimulia.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa sana. Katibu wa serikali ya Cromwell aliyeandika barua za Kilatini kwa nchi za nje alikuwa John Milton, yule mshairi mashuhuri ambaye baadaye, mwaka 1667, alichapisha utenzi mrefu unaoitwa Paradise Lost. Babaye Milton alikuwa mtunzi wa muziki, naye Milton alijua kupiga kinanda. Watu husimulia kwamba alikuwa akienda Hampton Court kukipiga kinanda hiki. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa kipofu, kwani macho yake yalizimika kabisa kufikia mwaka 1652. Ushahidi wa maandishi haupo, kwa hivyo tukiite ni kisa, si historia. Hata hivyo jina limeganda: hadi leo kinanda hiki huitwa Kinanda cha Milton.

UHAMISHO WA PILI: KURUDI NYUMBANI

Cromwell alifariki mwaka 1658. Mwaka 1660 ufalme ulirejeshwa, Charles wa Pili akakalia kiti cha babaye. Ibada za zamani zikarudi, na makanisa nchini kote yakaanza kutafuta vinanda, wakati mafundi walikuwa wachache kama maji jangwani. Robert Dallam akarudi kutoka Ufaransa. Chuo cha Magdalen nacho kikarudishiwa kinanda chake.

Dallam alifariki mjini Oxford mwaka 1665. Lakini kazi yake haikukosa mrithi. Binti yake aliolewa na fundi mwenzake wa vinanda, na mjukuu aliyezaliwa, Renatus Harris, akawa mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa Uingereza. Mwaka 1690 chuo kilimwita huyo Harris akifanyie kinanda matengenezo. Yaani mjukuu akaja kuponya kazi ya babu yake. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za kinanda hiki zilikuwa ni jamii moja iliyopokezana ujuzi.

UHAMISHO WA TATU: KUTOKA CHUONI HADI TEWKESBURY

Miaka ikapita. Mitindo ya muziki ikabadilika, na chuo kikaamua kupata kinanda kipya. Hapa ndipo kinanda chetu kilipofikia hali ileile ya kile cha mtaani kwetu: kipya kimefika, cha zamani kiende wapi?

Chuo hakikukitupa nje. Mwaka 1737 kilinunuliwa na kanisa la Tewkesbury, mji mdogo ulio yapata kilomita 70 kutoka Oxford, ni kama kutoka Nairobi hadi Machakos hivi. Hakuna lori wakati huo. Palikuwa na mikokoteni ya farasi na mashua, na barabara zilikuwa za matope.

Kanisa la Tewkesbury lenyewe ni la ajabu. Liliwekwa wakfu mwaka 1121, na lilikuwa kanisa la watawa. Mfalme Henry wa Nane alipofunga nyumba za watawa, na hii kufungwa mwaka 1540, kanisa lilikuwa tayari kubomolewa ili risasi ya paa lake na kengele zake ziuzwe. Wenyeji wa mji wakakataa. Walichanga pesa, wakalinunua kanisa lao kutoka kwa mfalme kwa pauni 453. Kwa hivyo kinanda kilichookolewa kikaenda kukaa katika kanisa lililookolewa. Waswahili husema ndege wa mbawa moja huruka pamoja!

KINANDA HUHAMISHWAJE?

Huenda unajiuliza, kitu kikubwa namna hiyo hubebwaje? Hakibebwi kizima. Kwanza mafundi hukitazama na kukipima, wakaandika kila kitu kilipo. Kisha kila bomba hutolewa moja moja. Mabomba yana alama, kwani yale madogo, mengine yamefupika kuliko kalamu ya risasi, hufanana kama mapacha na yakichanganyika ni taabu tupu. Kwa kuwa bati na risasi ni laini, bomba likiangushwa hubonyea, na likibonyea sauti yake huharibika. Kwa hivyo hulazwa katika masanduku kama mayai. Halafu ndipo hufunguliwa mitambo ya mbao, masanduku ya upepo, mivukuto, na mwisho kabati lenyewe.

Kikifika, kazi hurudiwa kinyume. Na hata kikisimama bado hakijawa tayari. Sauti hukimbia kasi zaidi katika hewa yenye joto, kwa hivyo jengo likiwa na joto zaidi, mabomba hupanda sauti. Ukubwa wa jengo nao ni mambo: sauti iliyojaza kanisa dogo la chuo inaweza kupotea katika kanisa kubwa lenye kuta ndefu. Ndiyo maana fundi hukaa siku nyingi akisikiliza bomba baada ya bomba na kulirekebisha. Kinanda kilichohamishwa hujifunza kusema upya, kama mwanafunzi aliyehamia shule mpya.

Huko Tewkesbury kinanda hakikuachwa vilevile. Mwaka 1848 fundi Henry Willis alikijenga upya, akakiongezea nguvu. Baadaye kilihamishwa mahali pengine mumo humo kanisani. Mwaka 1948 kilijengwa tena, na mwaka 1997 fundi Kenneth Jones kutoka Ireland akakitengeneza kwa mara nyingine. Mbali na hayo, kimo mabomba ya Dallam ya mwaka 1631, ambayo yanahesabiwa miongoni mwa mabomba ya zamani kabisa yanayolia hadi leo nchini Uingereza. Julai 2007 mafuriko makubwa yaliuzingira mji huo, kanisa likaonekana limesimama kama kisiwa katikati ya maji. Kinanda kikalipita na hilo.

JIBU LANGU

Sasa narudi kwa ndugu yangu aliyeniuliza, "Utafanya nini na kinanda kibovu?"

Jibu langu ni hili. Kinanda cha Magdalen hakikudumu kwa sababu ni kizee. Uzee peke yake haumwokoi mtu wala kitu, na vinanda vingine vya umri huo viliishia kuwa kuni. Wala hakikudumu kwa sababu kila mtu alikiheshimu, maana kilinyang'anywa na kuuzwa. Kilidumu kwa sababu kila kilipokosa kazi mahali pamoja, alipatikana mtu wa mahali pengine aliyekihitaji, tena alipatikana mapema kabla mvua haijakifikia. Cromwell alikihitaji. Watu wa Tewkesbury walikihitaji. Na kila mmoja alikuwa na fundi wa kukitengeneza na yuko tayari kumlipa. Kitu hakifi siku kinapozeeka. Hufa siku kinapowekwa nje na kila mmoja akasema, "Fulani atakichukua."

Mpinzani wangu anaweza kusema, "Hiyo ni Uingereza, wana pesa." Kweli, pesa ni muhimu. Lakini wale wa Tewkesbury waliochanga pauni 453 walikuwa wenyeji wa mji mdogo tu. Haraka haraka ndivyo hata sisi hufanya harambee. Na nimefanya utafiti wangu mdogo. Mwezi uliopita nilikwenda na mwenzangu mmoja wa darasani, tukaomba ruhusa, tukamwita fundi seremala akitazame kile kinanda cha kukanyaga. Hakina mabomba kama cha Magdalen. Ndani yake mna vipande vyembamba vya shaba ambavyo hutikiswa na upepo vikalia. Fundi alifungua, akapuliza vumbi, akasema ubao wa nyuma utengenezwe mwingine, ngozi ya mivukuto ibadilishwe, lakini vile vipande vya shaba havijaharibika. Nilikanyaga huku mwenzangu amebana tundu la mivukuto kwa gunia. Kililia. Sauti mbovu, naam, yenye kukoroma, lakini ni sauti.

Wazee wa kanisa wametuambia kwamba shule yoyote inayokihitaji na ikichukue. Kwaya yetu haina ala yoyote zaidi ya ngoma na kayamba. Stoo iliyo karibu na darasa la useremala ina paa zuri, na watu sita wanatosha kukibeba. Namwomba mlezi wa chama na mwalimu wa muziki walifikirie jambo hili, tena walifikirie kabla ya mvua za masika. Kinanda cha Oxford kilihama mara tatu, safari zaidi ya kilomita mia mbili kwa jumla. Chetu kinahitaji kuhama mara moja tu, hatua mia nne hivi, kutoka ukutani kwa kanisa hadi langoni petu.

Na wewe uliyecheka siku ile, nakualika uwe mmoja wa wale sita. Kidole kimoja hakivunji chawa.